Nguo ya Bibi wa Mabua

Siku ile ya Krismasi tulikuwepo mimi, niliyekuwa na miaka kumi na mitatu. Mdogo wangu wa kike anayenifuata. Mdogo wangu wa kike wa pili. Na kitinda mimba wetu, mvulana wa miaka minne, niliyekuwa nimembeba mgongoni kwa sababu alikataa kutembea juani. Walikuwepo watoto watatu wa nyumba ya mashine ya kusaga, mapacha wa mwalimu, na binti wa mama mpika pombe, ambaye sauti yake ilikuwa kubwa kuliko zetu zote tukizijumlisha. Kwenye milango walikuwepo mama zao. Mwisho wa njia, kwenye nyumba ya udongo iliyopakana na yetu, alikuwepo bibi jirani. Baba hakuwepo, duara, shimo la wachimbaji, lilimfukia mwaka uliotangulia, akichimba dhahabu upande wa Geita. Mama hakuwepo, tulikuwa tumemzika miezi mitano nyuma. Na katikati yetu, juu ya mti mrefu, alikuwepo Bibi wa Mabua, amevaa nguo niliyomshonea mimi.

Nawataja wote kwa sababu mwaka huu imenibidi niwatafute mmoja mmoja. Nguo ile ilimwondoa mtu kijijini, na jina lake halijawahi kusafishwa.

Kwa asiyetoka kwetu, nieleze kwanza. Kitongoji chetu kiko upande wa Masumbwe, na kwetu Krismasi ya watoto ilikuwa ni Bibi wa Mabua. Wiki moja kabla, tulikusanya mabua makavu ya mahindi yaliyosalia mashambani, tukayafunga kwa kamba za katani mpaka yakawa na kichwa, mikono na kiuno kinene. Macho yalikuwa vifuniko viwili vyekundu vya soda. Siku yenyewe, watu wakishatoka kanisani na kula, tulimwinua juu ya mti na kupita naye nyumba kwa nyumba tukiimba. Kila mama alitoka na gao la majivu ya jikoni, akamrushia Bibi, na kumtwisha tatizo moja la mwaka ule aende nalo. "Nenda na homa!" "Nenda na viwavi!" "Nenda na huu uchungu wa mgongo!" Halafu tulipewa andazi, au wali kwenye jani la mgomba, na kama ni nyumba ya mwalimu, biskuti. Mwisho tulimtupa majarubani, kwenye mashamba ya mpunga, mvua ikamwozesha, na mwaka mpya ukaanza bila yale matatizo. Hivyo ndivyo tulivyoamini.

Mama ndiye aliyekuwa fundi cherehani wa kitongoji. Desemba nzima nyumba yetu ilikuwa na harufu ya vitambaa vipya na mafuta ya cherehani. Magauni ya Krismasi ya watoto wa pale wote yalipita mikononi mwake, na vipande vilivyobaki alivikusanya kwenye gunia. Siku mbili kabla ya sikukuu alimwaga lile gunia sakafuni na kutuambia tuchague. Ndivyo nguo ya Bibi wa Mabua ilivyokuwa na kipande cha gauni la kila mtoto. Ulikuwa unaona mkono wako pale, na kola ya rafiki yako, na pindo la yule mliyegombana naye. Mama alishona akiwa ameshika pini mdomoni, akitujibu kwa pua.

Na zamu ya nyumba yetu ilipofika, alitoka na majivu yake, akamwangalia baba aliyeegemea mlango, akapaza sauti: "Nenda na mume wangu anavyokoroma!"

Watu walicheka. Baba alijibu, "Nisipokoroma, wezi watajuaje kuna mwanaume humu?" Alisema hivyo kila mwaka, nasi kila mwaka tulisubiri aseme.

Ninapokaa kwenye cherehani sasa, na Desemba imefika, na mvua za vuli zimelowesha njia, kuna wakati nasikia ile sauti ya mama ya puani. Nimefikisha umri ambao yeye hakuufikia. Ningetoa chochote anijibu tena akiwa na pini mdomoni.

Sasa nije kwa bibi jirani. Tulimwita bibi, lakini nikipiga hesabu leo naona hakuwa amefika hata miaka sitini. Macho yake ndiyo yaliyomzeesha. Alikuwa amehamia kutoka upande wa Shinyanga, kule ambako miti iliisha zamani na watu wanapikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wa miaka yote ile ulikuwa umeyageuza macho yake kuwa mekundu kama nyanya. Aliishi peke yake. Mwanawe alikuwa mvuvi Nkome, ziwani, na alikuja mara moja au mbili kwa mwaka. Bibi jirani naye alimrushia Bibi wa Mabua majivu kama wengine. "Nenda na moshi!" alikuwa akisema, huku anafuta machozi kwa upindo wa kanga, na hakuna mtu aliyetazama macho ya Bibi juu ya mti kisha yake.

Mama alipofariki, ndugu wa baba walikuja. Sitawasema sana, wengine bado wako hai na mmoja alinisaidia baadaye. Lakini walikuja kugawana. Walichukua baiskeli, vitanda, mabati yaliyokuwa hayajaezekwa, na walichukua hata gunia la vipande. Cherehani hawakuikuta. Asubuhi ya msiba, kabla hawajafika, bibi jirani aliingia kwetu, akaifunika kwa shuka kama mgonjwa, tukaibeba yeye na mimi mpaka kwake, akaiweka nyuma ya vihenge vyake vya nafaka. Walipomuuliza, alisema hajui kitu, yeye ni mzee.

"Bibi, umesema uongo," nilimwambia.

"Nimesema mimi ni mzee. Huo ni uongo?"

Baada ya arobaini aliirudisha. Mimi niliacha shule darasa la sita na kuanza kushona viraka, maana magauni sikuyajua bado. Wadogo zangu walikaa shuleni. Miezi ile ya njaa iliyofuata, bibi jirani alitulisha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, akivipika na karanga. Na siku ya msiba wenyewe, alipoona nambeba mdogo wangu kwa taulo lililochanika, aliichana kanga? Hapana, kilikuwa kitenge. Nakikumbuka vizuri mno kiasi kwamba naogopa kukosea. Kitenge cha bluu chenye ndege wa njano, mwanawe alimletea kutoka ziwani, na pale kitongojini hakuna mwingine aliyekuwa nacho. Alikipasua katikati kwa meno. Nusu yake alibaki nayo akiivaa kichwani. Nusu akanifungia mgongoni na mtoto ndani.

Desemba ilipokuja, watoto wenzangu walikuja na mabua. "Mwaka huu unashona wewe," walisema. Hakuna aliyewaza kwamba ningeweza kukataa, na mimi sikutaka kukataa. Nilitaka Krismasi ile ifanane na zile nyingine. Lakini gunia la vipande halikuwepo, na mwaka ule hakuna mtu aliyeniletea kitambaa cha gauni jipya. Walikwenda kwa fundi wa Masumbwe mjini. Nyumbani kitambaa kilichobaki kizima kilikuwa kimoja tu. Nilikifua, nikakikata, nikamshonea Bibi wa Mabua gauni la bluu lenye ndege wa njano. Mikono ilipishana urefu. Nililiona zuri.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mashine ya kusaga. Mama mwenye nyumba alitoka na majivu, akasimama.

"Nguo hii mmeitoa wapi?"

"Nimeishona mimi, mama," nilisema.

"Kitambaa umekichagua wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

Alinitazama muda mrefu, mimi na mtoto mgongoni. Hakumtwisha Bibi homa wala viwavi. Alirusha majivu yote kwa mkupuo akasema, "Mungu huwa anawafumbua watoto macho." Halafu akatupa maandazi mawili mawili. Mawili! Nilifikiri ni kwa sababu ya ushonaji wangu.

Alifunga mlango na kutufuata. Nyumba ya pili mama naye alitufuata. Kufika ya tano, nyuma yetu kulikuwa na kundi la watu wazima ambao hawaimbi, na binti wa mama mpika pombe alikuwa anazidisha sauti kwa sababu hajawahi kupata hadhira kubwa namna ile. Nilifurahi. Lazima niliandike hilo. Nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote tangu mama azikwe.

Bibi jirani alitoka na bakuli la michembe mkono mmoja na majivu mkono mwingine. Kichwani alikuwa amejifunga ile nusu yake ya kitenge. Aliangalia juu, akaiona nusu nyingine, na macho mawili mekundu juu yake. Akawaangalia watu waliokuwa nyuma yetu. Hapo ndipo nilipogeuka nikawaona na mimi, nikaona wanavyotazama kichwa chake, kisha mti wetu, kisha kichwa chake.

Alifungua vidole majivu yakadondoka miguuni kwake. Akaliweka bakuli chini, taratibu, lisimwagike. Akaingia ndani na kufunga mlango.

Mdogo wangu mgongoni akaanza kulilia michembe. Niliokota bakuli. Tulikula njiani kuelekea majarubani.

Kesho yake wanawake watatu walikuja kwetu na debe la unga. Walikaa, wakatupa pole upya kama vile mama amekufa jana. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama yako alimtaja kabla hajakata roho, au wewe ndiye uliyeoteshwa?"

Nilielewa. Mtoto wa kwetu wa miaka kumi na mitatu anaelewa. Anajua pia kinachoweza kumfuata mwanamke mwenye macho mekundu akishanyooshewa kidole kwamba ni mchawi. Hapa kwetu mtu haambiwi hilo, analikuta. Ningeweza kusema: hapana, nilikosa kitambaa. Maneno mawili matatu tu. Mama alikufa kwa kifua, kadi ya zahanati ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni ukutani, na niliweza kuisoma.

Niliangalia lile debe la unga. Nilinyamaza.

Siku iliyofuata walileta maharage. Watu walirusha mawe kwenye paa la bibi jirani. Kabla ya mwaka mpya mwanawe alikuja na pikipiki ya kukodi, akampakia na godoro lake. Nyumba ile ilibomoka kwa mvua za miaka miwili. Sisi watoto wa marehemu tulipata unga mpaka mavuno, maana tulikuwa watoto ambao mama yao ameuawa na mtu anayejulikana, na hilo huruma yake ni kubwa kuliko ya kifua. Ukimya wangu ulitulisha. Wadogo zangu walimaliza shule.

Miaka ikapita, na kila Desemba nimemshonea Bibi wa Mabua. Mtu anaweza kuuliza niliwezaje. Niliweza kwa sababu ndiyo kazi iliyokuwa imebaki ya mama. Nilianza tena kukusanya vipande kwenye gunia, na siku mbili kabla ya sikukuu nikalimwaga sakafuni, na watoto wakachagua, na nikashika pini mdomoni. Bluu sikuitumia tena. Nilijiambia kwamba inatosha.

Mwaka huu mambo yaligeuka. Mtu alirekodi watoto kwa simu Krismasi iliyopita, wakimpiga Bibi wa Mabua kwa fimbo, jambo lililoingia miaka ya baadaye, mbele ya mlango wa bibi mmoja mgonjwa wa macho, yeye akicheka kwa aibu. Picha ile ilizunguka kwenye makundi ya simu mpaka ikafika mbali. Watu wa mbali wakaandika kwamba sisi ni washenzi. Watu wa kwetu wakajibu kwamba wa mbali hawana Krismasi, wana mapambo tu. Redio ya mkoa ikaligusa jambo hilo. Mwezi wa kumi mtendaji wa kata aliitisha mkutano kwenye darasa la shule ya msingi, pamoja na dada mmoja wa ustawi wa jamii, kujadili kama mila ile iachwe.

Sijawahi kuona darasa lile limejaa vile. Watu walikaa mpaka madirishani.

"Kwa nini macho yake lazima yawe mekundu?" aliuliza yule dada wa ustawi.

"Ni vifuniko vya soda, mama," alisema mzee mmoja. "Duka letu likileta soda ya kifuniko cha kijani tutabadilisha."

"Tumieni cha maji."

"Krismasi kwa maji? Sisi ni bata?"

Kicheko kikajaa. Mwingine akasema haki za binadamu zimeanza kwa mabua, mwakani zitafika kwa kuku, na mwaka wa tatu pilau itakuwa unyanyasaji. Mwalimu mstaafu alisema jambo hili linawafundisha watoto kumpiga mwanamke mzee, kwamba hata likiwa la mchezo mkono unajifunza. "Sisi sote tumelelewa nalo," alijibu kijana mmoja, "nani ameumia?" Mwalimu akamuuliza, "Una hakika unataka nikujibu?" Wazee walitazama chini. Halafu mtu akakohoa na makelele yakarudi.

Ndipo akasimama mdogo wangu, yule niliyembeba. Sasa ni mwanaume mzima, ana mashine yake ya kuvutia maji machimboni na watu wanaomfanyia kazi, na ndiye aliyeanzisha kundi la kwenye simu la kutetea Krismasi yetu. Anazungumza vizuri. Nilimlipia mimi shule aliyojifunzia kuzungumza.

"Wengi wenu mnajua mama yetu ndiye aliyekuwa anamshonea nguo huyu Bibi," alisema. "Mimi mama simkumbuki. Sura sina, picha hatuna. Kila Krismasi naangalia ile nguo ya vipande, najua mama alikuwa anafanya hivi. Mkifuta hiki mnamfuta yeye. Na aliyemwua mama yangu mnamjua wote. Leo ndiye tunaambiwa tumwonee huruma?"

Watu walipiga makofi. Wengine walinigeukia mimi, fundi, dada mkubwa.

Nilisimama. Nilisema, "Mwaka huu sishoni."

"Kwa nini, dada?" aliuliza mdogo wangu, mbele ya wote, kwa upole kabisa.

"Macho yamechoka," nilisema, nikakaa.

Mkutano uliamua kwamba shule na kanisa hawatahusika tena, na anayetaka afanye kwake. Watu waliondoka kila mmoja anadhani ameshinda. Mimi nilikwenda nyumbani nikalala bila kula, na wiki iliyofuata nikapanda basi kwenda Geita, na kutoka Geita gari la kwenda Nkome.

Sikuwa na uhakika kama yu hai. Kule mwaloni, samaki wanakoshushwa, nilimuulizia mwanawe kwa mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa kwenye vichanja. Akanielekeza kwa kidevu: nyumba yenye bati jipya, mbele ya duka.

Alikuwa amekaa kibarazani kwenye mkeka, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, anachambua dagaa kwa vidole. Macho yalikuwa yamefunikwa na weupe. Wekundu ule haukuwepo tena. Kule hapiki mwenyewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani?"

"Binti wa yule fundi cherehani. Wa Masumbwe."

Vidole vilisimama. "Yule wa kwanza?"

"Ndiyo, bibi."

"Cherehani ipo?"

"Ipo. Mkanda nimebadilisha mara nyingi, lakini ipo."

"Wadogo zako?"

Nilimwambia mmoja mmoja: wa kike wote wawili wameolewa, mmoja wao ni muuguzi, wa kiume ana kazi machimboni. Aliitikia kila mmoja kwa "ehee" ndefu kama mtu anayelishwa. Kisha nikapiga magoti nikamweleza. Gunia lililochukuliwa. Kitambaa kimoja. Debe la unga. Nililia, na aliniacha nilie bila kunibembeleza.

Nilipomaliza alisema, "Nilikijua kitambaa changu. Nilijua pia hukuwa na kingine. Niliuona mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi, nikasema, maskini, hajajua kukata kwapa." Alichagua dagaa mmoja, akamtupa pembeni. "Mimi sikukimbia kitambaa, mayu. Nilikaa ndani siku nne. Nilisema huyu mtoto ana akili, atawaambia. Nilikuwa nasikia wanawake wanaingia kwenu, wanatoka. Kila wakitoka nasema, sasa amewaambia."

"Nisamehe, bibi."

"Mimi unaniambia ya nini? Mimi nilikuwepo." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayemwelekeza mtu njia. "Mlipita nyumba kwa nyumba. Rudi upite nyumba kwa nyumba. Ukimaliza wote, uje tuongee habari ya kusamehe. Usikawie, unaniona nilivyo."

Mkwewe alituletea ugali na samaki, sato. Tulikula, akaniuliza kama mpera wake upo. Nilimwambia upo, watoto wanaupanda. Alicheka. Akasema maji ya ziwa hajawahi kuyapenda, yana kelele, na kwamba Krismasi za huku watu wanakunywa tu, hakuna mtoto anayekuja mlangoni. "Nilikuwa nasubiri zile nyimbo zenu," alisema. "Toka asubuhi nasikilizia." Sikujua kwamba inawezekana mtu akaitamani siku ile ile iliyomfukuza. Nilidhani ni mimi tu.

Nimekuwa nikipita nyumba kwa nyumba tangu niliporudi. Mama wa mashine ya kusaga ni mzee sasa, na macho yake yameanza kuwa mekundu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hakumbuki kama alisema neno lolote siku ile. Nilipoaga alinishika mkono asiuachie. "Huwa unawaona watoto wanavyoniangalia?" aliuliza. Mapacha wa mwalimu, mmoja yuko Mwanza, nilimpigia simu. Alisema anakumbuka biskuti. Binti wa mama mpika pombe alinifukuza na ufagio, akidai nimetumwa. Jioni yake alinitumia ujumbe kuuliza bibi anaendeleaje. Wadogo zangu wa kike niliwaambia wote wawili siku moja, tukiwa jikoni kwangu. Yule muuguzi alisema, "Dada, mimi nilisoma kadi ya mama nikiwa darasa la saba. Nilijua ni kifua. Nilikuwa nasubiri useme." Na yeye pia.

Imebaki nyumba moja, ya mdogo wangu wa kiume.

Mara ya kwanza nilifika nikamkuta ana wageni. Mara ya pili watoto wake walinirukia, akawaambia, "Shangazi yenu ndiye mama yangu mimi," nikakosa pa kuanzia. Huyu mtu nilimbeba. Alipouliza kwa nini hatuna mama, miaka yote ile, nilimwacha ajibiwe na kijiji, kwa sababu jibu la kijiji lilikuwa na mtu wa kuchukiwa ndani yake, na mtoto aliyebembelezwa kwa chuki hulala upesi kuliko aliyeachwa na swali. Nikimwambia, namnyang'anya mwuaji wa mama yake na ile Krismasi yake kwa siku moja, na mimi ndiye niliyempa vyote viwili. Nisipomwambia, kule Nkome mwanamke anasikilizia.

Jana alinipigia. Alisema Krismasi atafanya Bibi wa Mabua uani kwake, kwa ajili ya wanawe, mabua ameshaleta.

"Najua umesema macho yamechoka," alisema. "Njoo ukae tu, dada. Wewe unielekeze mimi nishone."

"Nitakuja," nilisema. "Nina maneno pia."

"Maneno gani?"

"Nitakuja Jumapili."

"Jumapili iliyopita ulisema hivyo hivyo."

"Nitakuja," nilisema tena, na alipokata simu nilikuwa bado sijamwambia.